Ruhusa ya Kwenda Kuwa Wakili

Jumatatu, 9 Juni

Chuo cha sheria kimeniita kwenye usaili. Jumamosi hii! Tatizo: mwaka wangu wa jeshi haujaisha. Tatizo kubwa zaidi: hapa kambini ruhusa haiombwi pembeni. Asubuhi unatoka mstarini, mbele ya kombania nzima, unapiga saluti, unataja namba yako na shida yako kwa sauti ya kufika jikoni. Mwisho wa kuomba ni Alhamisi.

Mimi! Mimi ambaye dukani nikipewa chumvi badala ya sukari nashukuru na kuondoka. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na naona haya kwa zote mbili.

Leo sikutoka mstarini. Naandaa hoja.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata njia. Kazi ya wakili si kumsemea mtu? Basi na mimi nisemewe. Nimemtuma Mnara, jirani yangu wa kitanda, mrefu, aibu hana hata chembe. Malipo: kumng'arishia buti.

Akatoka kwa madaha. Akaeleza kuwa kuna mwenzetu ana usaili wa sheria, ila ni mwoga kidogo. Sajini akauliza ni bubu gani huyo anayetaka kwenda kubishana mahakamani. Kombania ikaangua kicheko. Nilicheka kuliko wote, nisije nikashukiwa.

Mnara bado anataka buti zing'arishwe.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi ya sauti, nyuma ya ghala la viazi. Nimevipanga viazi mistari mitatu, nikavipigisha kwata. Mguu sawa! Nyuma geuka! Viazi sivionei haya. Mwishoni nilikuwa naunguruma.

Nikageuka: Sajini! Macho yamemlowa. Akasema siku zote anatafuta koo kama hilo. Jumamosi mkuu wa kikosi anakuja kukagua gwaride, na mwenye kutoa amri nitakuwa mimi.

JUMAMOSI! Akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina, afande.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetoka mstarini! Miguu ilijipeleka yenyewe. Saluti safi. Namba nimeitaja bila kosa. Halafu nikaona zile nyuso zote, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Imekubaliwa.

Mnara ameniita Mheshimiwa hadi jioni.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nimempigia Mama. Nimemwambia usaili umekwama kwa sababu za kiusalama ambazo siruhusiwi kuzitaja. Nilidhani yataishia hapo.

Adhuhuri yuko getini, na shati langu jeupe limepigwa pasi. Akamwita Sajini mwanangu. Akamuuliza amemzuia mdogo wake kusoma kwa kosa gani. Sajini, ambaye akikohoa bweni zima linaamka, akasimama mguu sawa akajibu, "Hakuna aliyeomba, mama."

Wote wawili wakanigeukia. Laiti ardhi ingepasuka!

"Si ungesema tu?" Sajini akauliza.

"Huyu?" Mama akadakia. "Huyu hata kuzaliwa hakulia! Mkunga alimchapa makofi mpaka mkono ukamuuma, mtoto kanyamaza tu, anamwonea haya."

Getini palikuwa na walinzi wanne. Sasa kambi nzima inajua nilivyozaliwa. Ila ruhusa nimepata! Gwaride ataliamuru Mnara.

Jumamosi, 14 Juni

Chumba kidogo, meza ndefu, wasaili watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza jina kwa upole kabisa. Nikakita mguu chini. Nikataja namba, jina na shida yangu kwa sauti ileile ya viazi. Dirisha lilitetemeka. Mzee wa pembeni, aliyekuwa anasinzia, akasimama wima.

Nikashindwa kuipunguza! Kila swali nimelijibu hivyohivyo, nikitazama ukutani juu ya vichwa vyao. Mwenyekiti akasema ni nadra kumwona kijana asiyeogopa kudai haki yake. Nimepita!

Nimepita hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni Jumatano. Yaani ruhusa nyingine.

Nimerudi kambini jioni, Mnara akaniambia niache utoto: kesho nitoke mstarini, niombe, mbona leo nimeweza. Nitoke? Mbele ya kombania nzima? Watu hawana huruma!

Hapana. Nina mpango safi kabisa, mara hii hauna tundu. Jumatano nitaumwa jino, nipelekwe hospitali ya mjini, nichomoke hapo. Kilichobaki ni kuchagua jino.