Mkuu wa Makofi

Jumatatu, 12 Mei

Kikao cha Idara ya Muziki, saa nne. Niliitwa! Mimi, Datius Rutaihwa, mtunza ukumbi wa chuo, miaka kumi na tisa na funguo kiunoni, leo nimekaa meza moja na wahadhiri. Ajenda: tamasha la muziki wa klasiki, Jumamosi tarehe 24, saa tisa alasiri.

Dr. Penina, mkuu wa idara, bado ana donda la mwaka jana. Alikuja mpiga piano kutoka Dar. Wimbo wake ulikuwa na sehemu tatu, na kila alipopumzika kati ya sehemu na sehemu, ukumbi mzima makofi. Vigelegele. Mama mmoja akapanda jukwaani kumfuta jasho kwa kanga. Mgeni alifunga piano, akaomba maji, akaenda kulala hotelini. Mwaka huu amekubali kurudi kwa shingo upande. Dr. Penina anataka ukumbi unaojua kunyamaza mpaka mwisho. Akadokeza kwamba kuna nafasi mpya, Mratibu wa Matamasha, na atampendekeza yule atakayemwondolea aibu hii. Ofisi ya nafasi hiyo ina dirisha linaloangalia ziwa. Ina kiti cha kuzunguka. Nakifahamu. Nimekikalia mara kadhaa nikiwa nafagia.

Yunus, fundi wa sauti, akasema tuwatangazie watu kabla ya kuanza: tafadhali msipige makofi hadi mwisho. Basi! Wazo la mtu asiyetaka makuu. Mimi nikasimama. Nikasema nitaleta hadhira iliyofundwa, watu arobaini kutoka Buhembe kwetu, watakaofuata ishara ya kitambaa changu cheupe. Wengine ukumbini watawafuata hao. Dr. Penina aliandika jina langu na kulipigia mstari.

Jioni Joyness alipita nyumbani. Binti yangu, mwaka wa tatu hapo hapo chuoni, anapiga fidla, naye yumo kwenye tamasha. Ana ombi moja tu. Kipaimara chake nilikuwa nje napanga viti. Mahafali yake ya kidato cha sita nilikuwa nagombana na mwenye maturubai. Safari hii, Baba, kaa unisikilize mpaka mwisho. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakuwa mstari wa mbele. Na ni kweli. Ukiwa nyuma kitambaa hakionekani.

Jumanne, 13 Mei

Tatizo. Mwenye kitambaa lazima ajue wimbo unaisha lini. Sijui. Nimemwendea Yunus kwa unyenyekevu wa uongo, akanipa flash yenye saa tatu za muziki wa klasiki wa kutuliza akili. Hakuuliza kitu. Mtu anayekusaidia bila kuuliza kitu, mwangalie mara mbili.

Nimeusikiliza barazani baada ya chakula cha mchana. Ajabu! Hakuna neno hata moja, lakini nilimwona marehemu mama akibabua majani ya mgomba motoni ili yalainike. Hata harufu yake niliisikia. Sasa huyo mtunzi, mzungu wa karne zilizopita, majani ya mgomba aliyajulia wapi? Au kila mtu anaona ya kwao? Hili nitalichunguza. Celina mke wangu anasema nilikoroma. Sikukoroma. Nilikuwa nachunguza.

Alhamisi, 15 Mei

Uchunguzi unaendelea. Kuku: walinyamaza, jogoo akakaa chini. Shemeji aliyekuja kudai panga lake: dakika kumi, usingizi, akaamka akaondoka bila panga. Mbuzi: hakuna badiliko. Mbuzi hana akili ya kutulizwa.

Mimi mwenyewe nimejaribu mara nne. Kila mara naanza vizuri, macho nafumba ili masikio yafanye kazi peke yake, halafu Celina ananiamsha. Yaani ananiita. Sijafika mwisho wa wimbo hata mmoja. Swali la kitaalamu: huenda nyimbo hizi hazina mwisho?

Joyness amekuja kuazima enanga ya marehemu baba, ile ala ya Kihaya iliyotundikwa sebuleni, ambayo tangu mzee afe hakuna aliyegusa nyuzi zake. Alitaka kunieleza anaitakia nini. Nikamwambia chukua, mwanangu, tutaongea baada ya tamasha. Nilikuwa nachora ukumbi na mahali pa kukaa kila mtu.

Jumamosi, 17 Mei

Mafunzo, uani kwangu. Walikuja thelathini na wanane na mabenchi yao. Simu yenye nyimbo zile nikaiweka ndani ya ndoo ya bati ili sauti ikue.

Dakika ya kwanza haijaisha, Mzee Mushumbusi akaitikia kwa nguvu, kwa Kihaya: "Eee, waitu!" Nusu ya uani wakafuata. Nikazima. Nikaeleza upya. Mzee akaniambia taratibu kwamba tangu azaliwe, mpigaji akipiga, msikilizaji anaitika. Ukimnyamazia mtu anayekupigia enanga, umemwambia aende zake. Shangazi Gaudiosa akaunga mkono: marehemu kaka yake, yaani baba yangu, akinyamaziwa alikuwa anaweka enanga chini na kuomba njia. Nikawaambia hiyo ni enanga, hii ni klasiki. Huku kwenye klasiki anayekupenda hata kukohoa hakohoi. Shangazi akasema basi hao watu wanapendana kwa shida.

Jaribio la pili, vurugu. La tatu, mtu kapiga chafya na wote wamemwombea heri. La tano, kimya! Kimya kizuri mno! Nilisikia hata jani la mgomba likijigeuza. Nikawaapisha hapo hapo: bila kitambaa hakuna kofi, hakuna eee, hakuna chafya, hakuna kilio. Wakaapa. Shangazi aliapa huku ananitazama vile alivyokuwa ananitazama nikiwa mdogo na kuna chungu kimevunjika.

Baadaye nikawapa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Walikunywa kimya kimya. Nadhani walikuwa bado wanafanya mazoezi.

Jumatano, 21 Mei

Yunus ameniita kwenye meza yake ya mitambo. Amefunga taa ndogo ya kijani. Anasema yeye ana karatasi za nyimbo zote, atawasha taa kila wimbo ukiisha, mimi niitazame tu na kuinua kitambaa. Njama hizo! Taa ikifanya kazi, nani ataonekana amefanya kazi? Nimemshukuru. Nimemwambia mtaalamu hategemei taa.

Akasema basi angalau ninywe kahawa kabla ya tamasha. Celina naye kasema nitafune akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama tunavyowapa wageni. Nimekataa yote mawili. Kahawa inanipeleka chooni, na kutafuna kuna mlio. Watu hawafikirii mbali.

Jumamosi, 24 Mei

Saa tano asubuhi. Suruali imepigwa pasi. Kitambaa kimepigwa pasi mara mbili. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha, hata mawingu yananiunga mkono. Joyness amepita mbio. Mimi ni wa tatu, Baba, dakika tisa tu. Nikamwonyesha daftari: nimeandika. Alinishika mkono kidogo kabla ya kuondoka. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nikamwambia asiogope, makofi yapo.

Jumapili, 25 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Ilianza vizuri. Lazima niliandike hili, maana hakuna mwingine atakayeliandika. Mpiga piano akapiga sehemu ya kwanza, akasimama. Kimya. Sehemu ya pili. Kimya! Wanafunzi wawili walitaka kupiga makofi, wakawaona watu wangu wamekaa wima, mikono mapajani, wakaacha. Sehemu ya tatu ikaisha kwa kishindo ambacho hata mbuzi angejua ni mwisho. Kitambaa juu! Makofi kama mvua ya masika juu ya bati. Mgeni aliinama mara tatu. Dr. Penina aligeuka akanitazama kwa macho ya mtu anayetoa ofisi.

Wa pili, kwaya ya chuo. Kitambaa, makofi. Sawasawa.

Wa tatu, Joyness. Gauni la bluu aliloshona Celina. Aliniona, akaweka fidla begani, akaanza polepole sana, chini kabisa, na ilikuwa nzuri. Nilifumba macho ili nimsikie vizuri zaidi.

Nilichosikia baada ya hapo ni kiwiko cha Celina.

Ukumbi kimya. Joyness amesimama, upinde umeshuka, ananitazama. Watu wangu wa Buhembe wananitazama. Chuo kizima kinawatazama watu wa Buhembe. Kumbe alikuwa amemaliza. Kwa hesabu ya Yunus, alikuwa amemaliza dakika moja na nusu iliyopita, na taa ya kijani inawaka muda wote. Joyness aliinama kidogo, akageuka, akatoka. Jasho likanitoka. Nikachomoa kitambaa nijifute uso.

Makofi! Vigelegele! Wote wamesimama! Na jukwaani yuko Yunus peke yake, kaja kusogeza maikrofoni. Akaitazama hadhira. Akainama.

Leo baada ya Misa Shangazi Gaudiosa amenivuta pembeni. Akaniuliza nimeuonaje wimbo wa baba yangu. Nikauliza wimbo gani. Kumbe kile alichopiga Joyness ni wimbo wa mzee, ule aliokuwa akiupiga kila aliporudi na samaki kutoka kisiwa cha Goziba. Joyness hakuwahi kuusikia, mzee alikufa yeye ananyonya. Ameutafuta kwa Shangazi, jioni kwa jioni, Shangazi akiimba na yeye akitafuta kwenye enanga, mpaka ukakaa kwenye fidla. Waliificha siri hiyo ili iwe zawadi yangu. Shangazi anasema ulipofika pale katikati alitaka kulia kwa sauti, miaka ishirini hajausikia ukipigwa mbele za watu. Nikamuuliza mbona hakulia.

Akasema, "Nilikuwa nasubiri kitambaa, Datius."

Inauma.

Jumatatu, 26 Mei

Nafasi amepewa Yunus. Dr. Penina alinieleza kwa upole kwamba mpiga piano amefurahi sana, na kwamba ule ukimya wa baada ya fidla umemgusa, hajawahi kuona hadhira iliyozama vile. Nikauliza kama hilo halihesabiwi kwangu. Akasema alikuwa amekaa nyuma yangu na alisikia.

Yunus amenikaribisha ofisini. Akanipa kiti cha kuzunguka, yeye akasimama. Nilizunguka mara moja tu, kwa heshima.

Jumanne, 27 Mei

Yunus alirekodi tamasha lote. Kaniwekea kwenye flash. Hakuuliza kitu, na safari hii sikumwangalia mara mbili.

Nataka kujua wimbo wa baba unaishaje. Nataka kweli. Sasa nakumbuka mwanzo wake, nakumbuka mzee mlangoni na kofia yake iliyolowa, lakini mwisho nilikuwa nikisinzia kila mara hata utotoni, ndivyo asemavyo Shangazi. Nimejaribu saa nane mchana, nikalala. Nimejaribu saa tisa, nikiwa nimesimama, nikalala nimeegemea nguzo. Mara ya tatu Celina alisogeza mbele mpaka mwisho kabisa. Nikasikia kile kimya. Ndani ya kimya kuna mlio mzito unaopanda na kushuka. Yunus alidhani ni spika imeharibika.

Joyness hajakasirika. Ameniuliza tu kama nilipumzika vizuri. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 28 Mei

Habari njema! Joyness amealikwa kuupiga tena Jumamosi, Muleba, kwenye jubilei ya masista. Nimejua kosa langu liko wapi. Kosa lilikuwa kitambaa. Mtu mmoja, kitambaa kimoja, akipitiwa kidogo kila kitu kinaanguka. Muleba tutakuwa na vitambaa vitatu: Mzee Mushumbusi kulia, jirani yetu Kashaija kushoto, mimi getini kuratibu. Hadhira nitaichukua Rubafu, watu sitini, wapya, hawajazoea mambo ya Buhembe. Nimeshampigia katekista wao.

Joyness amekuja mchana huu, nimemweleza. Akauliza, nikiwa getini nitamsikiaje. Akasema ataomba apige wa kwanza ili nisiwe na shughuli. Nikamweleza kwamba mwanzoni ndipo wageni wanapoingia, siwezi kuacha geti. Katikati, basi? Katikati nitakuwa nahesabu watu wa Rubafu. Mwishoni kuna neno la shukrani na nani atalitoa kama si mimi? Alinitazama sana. Halafu akasema, Baba, mama yupo, Shangazi yupo, nina fidla hapa, ngoja niupige sasa hivi, hapa hapa sebuleni, njoo ukae. Nikamwambia waanze tu, namalizia kuchora ukumbi wa masista.

Wameanza. Shangazi anaitikia kwa sauti kubwa, eee, eee, na kulia analia. Celina naye. Nimegonga ukuta kuwaomba wapunguze kidogo, mtu hawezi kupanga jambo zito lenye faida kwa mtoto wake huku wanampigia kelele.