Nyumba ya Kudumu na Mbuzi Wanaoilamba

Mbwera, Rufiji
10 Machi, 1996

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, mimi na jasho langu. Naomba nafasi gazetini niishitaki nyumba ya udongo ya mama mkwe wangu, Bi Kijakazi, ambayo imenichukulia mke.

Tangu saruji iache kuombwa kwa kibali, mimi ndiye wa kwanza kitongojini kwetu kujenga nyumba ya kudumu: matofali ya saruji, bati juu, na madirisha madogo ili mwizi akonde kwanza ndipo apite. Siku ya kuhamia nilitoa hotuba. Nilisema nyumba za fito na makuti ni za muda, na wakaao humo ni watu wa muda. Bi Kijakazi alikuwapo. Alipiga makofi kwa adabu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba hiyo ya muda ina ubaridi mchana kutwa. Kwangu, ikifika adhuhuri, hata mjusi hutoka nje. Mvua ikipiga bati, mimi na mke wangu huongea kwa ishara.

2. Mbuzi. Mchanga wa matofali niliuchota hapa hapa kwenye mkono wa mto, maji ya bahari yanapopanda. Bi Kijakazi alinionya kuwa una chumvi. Nikamjibu kwamba saruji haijui chumvi. Mbuzi wanaijua. Wamelamba kona ya chumba cha kulala mpaka naona nje. Ukuta wa mama mkwe hata hawautazami.

3. Ukuta wake ukipata ufa, majirani huja kukandika, wakaimba, wakala wali, na jioni ukuta ni mpya. Wangu ulipopasuka nilimwita fundi kutoka Kibiti. Alitazama, akacheka, akanywa chai, akaondoka.

4. Mke wangu, Mwanahawa, alikwenda kwa mama yake kukimbia joto la mchana mmoja tu. Hiyo ilikuwa kabla ya mfungo, na sasa Idi imepita. Nikituma ujumbe arudi, anauliza kama ukuta bado upo. Nimemkumbuka, Mhariri, sifichi.

Kwa hiyo naiomba Serikali ipige marufuku udongo. Kama ni vigumu, ipige marufuku ubaridi wake. Nalo likishindikana, basi mbuzi wapewe elimu ya watu wazima.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa aliyekaa karibu na feni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mudathiri Mtoro,
Mwenye Nyumba ya Kudumu

Tanbihi: Tafadhali usiichapishe. Nimeiandikia barazani ukweni, mahali ambapo mwanamume mwenye haya hakai hovyo, maana kwangu jasho lilikuwa linafuta maneno. Bi Kijakazi, akiwa nyuma ya ukuta kwa kunistahi, amesema atatuongezea chumba mimi na Mwanahawa, mradi udongo niukanyage mwenyewe. Nina matope mpaka magotini, na Mwanahawa ananicheka huku akiniletea maji. Ile nyumba ya kudumu nimewaachia mbuzi. Wao ndio waliodumu.