Starlet ya Shangazi Iliyokataa Kufa

Jumatatu, 4 Novemba

Katika mkoa mzima wa Pwani, ukitafuta mwanaume mwenye akili, sura na usukani kwa pamoja, utampata mmoja tu. Mimi, Hashiru. Wengine wote wamewekwa kujazia sensa. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ilikuwa inanipunguzia akili.

Nina tatizo moja. Gari. Starlet ya Shangazi Mwanaamina. Inanizidi umri. Mwili mwekundu uliopauka, mlango wa kushoto mweupe, uling'olewa kwenye Starlet nyingine iliyokwisha kufa. Shangazi aliiendesha miaka yote aliyofundisha Kisarawe. Macho yalipoingia ukungu akanikabidhi funguo, na sharti juu: gari haliuzwi wala halibadilishwi mpaka siku litakapokataa kuwaka.

Halikatai! Mvua, halikatai. Mafuta ya kunusa tu, halikatai. Kila asubuhi natoka nalo Visiga, nakata Kiluvya, naingia Kisarawe kabla bosi hajafungua kufuli la duka. Tunauza vifaa vya ujenzi. Cheo changu hakijaandikwa popote, ila mimi ndiye meneja wa misumari.

Kiti cha mbele anakaa Firdausi, binti wa jirani. Anajitolea kufundisha chekechea huko huko Kisarawe. Tukifika Kiluvya anafungua chupa ya chai, ananimiminia kwenye kifuniko chekundu, na chapati juu. Mzuri mpaka nasahau gia. Leo kanipa habari: Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi ana usaili. Shule itaajiri mmoja tu kati ya wanaojitolea, na mkuu wa shule akishafunga mlango hafungulii mtu. Kasema ananitegemea mimi.

Nikamwambia siku hiyo atashuka kwenye gari la heshima. Akauliza kwani hili lina nini. Nikacheka. Wanawake wanajua kuficha wanachokitaka.

Jumanne, 5 Novemba

Gari la heshima lipo. La Latifu, dalali wa viwanja. Jeusi, refu, vioo vya giza, ngazi ya kupandia pembeni. Latifu nimesoma naye darasa moja na hajawahi kunizidi, ila kwa vitu tu. Starlet yangu anaiita kipande cha sabuni. Leo kwenye kituo cha mafuta kaniuliza mbele za watu kama gari lile naliendesha au nalivaa. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa mpango maalumu.

Maana siri yake ninayo. Lile dude haliamki. Fundi wetu Mwinshehe kaniambia mwenyewe: bati zote za nyumba yake zimetoka kwenye gari la Latifu. Starlet hataki hata kuiona. Anasema tangu aifahamu haijawahi kumnunulia hata vocha.

Jioni nikamvuta Latifu pembeni. Tubadilishane, gari kwa gari, bila nyongeza. Nilijua atanitukana. Akaligusa tairi la Starlet kwa ncha ya kiatu. Kisha akasema wiki iliyopita wateja walimsubiri Masaki, hii ya Kisarawe, kwenye mikorosho mpaka wakakata tamaa, yeye yuko mjini anasukumwa. Hakuna mtu, akasema, anayenunua kiwanja kwa dalali anayesukumwa.

Kakubali! Maskini, hajui thamani ya ngazi ya kupandia.

Kimebaki kitu kimoja: Starlet ikatae kuwaka, Shangazi akiona.

Jumatano, 6 Novemba

Spana namba kumi. Ndicho kifaa chote nilichohitaji. Alfajiri nikafungua boneti, nikalegeza waya wa betri, nikauchomoa. Nikamwita Shangazi aje ashuhudie. Nikazungusha ufunguo.

Kimya! Kimya kitamu.

Nikashika kichwa. Nikamwambia Shangazi gari limetutoka, tumshukuru Mungu kwa yote. Hata machozi yalinilenga, nikajishangaa kipaji.

Shangazi hakulia. Akalizunguka, akalipapasa kama ng'ombe mgonjwa. Akasema hapa fundi hana kazi, hili limeingiwa na kijicho. Watu wamezidi kusema gari la Mwanaamina haliharibiki, gari la Mwanaamina haliharibiki, haya, wamefurahi? Kesho baada ya alasiri kutakuwa na kisomo.

Nikamkumbusha sharti. Akasema sharti ni lake na tafsiri ni yake.

Mimi na Firdausi tukaenda Kisarawe kwa kuungaunga magari. Yeye kafika watoto wameshaimba. Mimi nimefika bosi ameshafungua kufuli kwa mkono wake. Nilimwamkia, hakuitika. Chupa ya chai haikufunguliwa njia nzima.

Alhamisi, 7 Novemba

Shangazi kachinja jogoo wawili. Sufuria kubwa ya ubwabwa. Mkeka umetandikwa mbele ya gari, ubani unafuka karibu na bampa. Ustadhi Mwinjuma kaja na wazee wenzake. Hata Felician wa nyumba ya pili, mwanakwaya wa Kilutheri, kaja na shati la Jumapili. Kasema gari hili ndilo lililompeleka mkewe Yosefina kujifungua barabara ikiwa mto, kwa hiyo hawezi kukaa ndani kwake akala wali wake kana kwamba hayamhusu.

Nikakaa mwisho wa mkeka na uso wa msiba. Moyoni nacheka. Wasome watakavyo, waya uko nje.

Dua ndefu. Amina nikaitikia kwa sauti kuliko wote. Ustadhi akamaliza, akajipangusa uso, akasema haya, jaribuni. Shangazi akaingia mwenyewe, na macho yake yale yale, akapapasa ufunguo.

Likawaka. Mara moja! Kama linavyowaka siku zote!

Vigelegele. Felician akaanza pambio, wazee wakampigia makofi. Mimi nikajimwagia mchuzi.

Nilichofanya nimekikumbuka baadaye, nikifua shati. Mchana umeme ulikatika, simu ikaniishia chaji. Nikarudisha waya wa betri ili nichajie garini. Nikasahau kuuchomoa. Akili kubwa ina mambo mengi ya kubeba.

Ijumaa, 8 Novemba

Sasa ndiyo balaa. Limekuwa gari la dua. Asubuhi nimekuta watu wanne mlangoni wanataka lifti, mmoja ana mtihani, mwingine ana kesi ya mbuzi. Mama mmoja kagusa boneti kwanza ndipo akapanda. Firdausi alicheka mpaka Kiluvya. Chupa ikafunguliwa, kifuniko nikapewa. Kasema gari hili lina adabu kunishinda mimi.

Latifu kapiga simu mchana kutwa. Analitaka kuliko jana. Anasema mteja akisikia dalali amekuja na gari la dua, hata mipaka haulizi.

Jioni Shangazi akaniita mezani. Juu ya meza, katikati, spana namba kumi. Ameikuta chini ya godoro langu alipokuwa anatafuta sahani zake za kisomo.

Nikainamisha kichwa kama mtoto wa chekechea. Mimi!

Hakupiga kelele. Kasema mtu anayeweza kuwakalisha wazee mkekani wausomee dua waya alioufungua mwenyewe, huyo yeye hamuwezi. Kasema jogoo wake wamekufa kwa ajili ya upuuzi. Kasema gari chukua, badilisha, uza, litafune ukipenda, ila siku ukikwama njiani usimtaje yeye wala ukoo wake. Akachukua spana yake, maana kumbe ilikuwa yake, akaingia chumbani.

Nimekaa nimetafakari maneno yale kwa kina. Maana yake moja tu: karuhusu!

Jumamosi, 9 Novemba

Tumebadilishana. Latifu akauliza Starlet ina maelekezo gani. Nikamwambia washa. Akasubiri. Nikamwambia ndiyo hayo, yamekwisha.

La kwake lina maelekezo machache. Lisizimwe mlimani. Taa na kiyoyozi visiwake pamoja. Likikohoa, nimpigie Mwinshehe, namba yake imebandikwa kwenye dashibodi. Sikusikiliza sana, nilikuwa napanda ngazi. Nikashuka. Nikapanda tena.

Mwinshehe kaja kunipongeza, kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Anasema alikuwa anawaza namna ya kupata siling bodi za sebuleni, sasa hana wasiwasi.

Firdausi katoka, kalitazama gari. Kauliza Starlet iko wapi. Nikamjibu imempata mtu wa hadhi yake. Kauliza je, hili litafika? Nikamwambia Mwalimu, wewe jiandae tu kushuka kwa ngazi.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya usaili. Gauni la bluu, mtandio mweupe, bahasha ya vyeti kifuani. Gari likawaka mara ya tatu, ambayo kwa gari kubwa ndiyo ya kwanza. Visiga nzima ikageuka. Nikateremsha kioo kidogo tu, ili waone ni mimi lakini wasizoee.

Kiluvya tukakata. Chupa ikafunguliwa. Kifuniko chekundu mkononi, Firdausi pembeni, matope chini kule mbali kama ya watu wengine. Mvua ikaanza, nikawasha taa. Nikaona mgeni wangu anatoka jasho, nikawasha kiyoyozi.

Likakohoa.

Nikalisemesha. Likakohoa tena, tukiwa katikati ya kilima, likazima. Nikampigia Mwinshehe. Akaitika kabla simu haijalia vizuri, akasema anakuja, ila anakuja taratibu ili asisahau kifaa.

Firdausi akatazama saa. Akatazama bahasha. Akanitazama mimi. Hakuna gari lililopita. Matope yamefika kwenye ngazi. Nikamwambia unaona sasa faida ya ngazi. Hakucheka. Kasema kwa sauti ya taratibu: Hashiru, mimi sikukuomba heshima, nilikuomba unifikishe.

Kisha nikasikia mlio nyuma yetu. Naujua kama kikohozi cha Shangazi. Kipande cha sabuni! Kinapanda kilima kwenye matope kama kinakwenda dukani kununua chumvi. Latifu, njiani kwenda Masaki kwa wateja. Akasimama. Nilisubiri anicheke nimjibu, majibu nilikuwa nayo matatu. Hakunicheka! Akauliza tu usaili ni saa ngapi.

Firdausi akashuka, kwa ngazi. Akapanda Starlet. Ule mlango mweupe lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge, na Latifu hajui. Alikuwa anauvuta tu. Firdausi akamwonyesha.

Wakakata kona. Nikabaki na gari la heshima, na chapati yangu kwenye dashibodi, juu ya namba ya Mwinshehe.

Jumanne, 12 Novemba

Firdausi kapata kazi. Nimeambiwa na Felician, aliyeambiwa na Yosefina. Alifika mkuu wa shule ameshika kitasa.

Bosi kampa misumari mtu mwingine. Kwa muda, nadhani.

Asubuhi nilimwamkia Shangazi. Akaitika marahaba, akauliza gari la heshima limeamkaje. Nikasema linapumzika. Mwinshehe anasema ni gia boksi, na atalishughulikia bila haraka. Alipokuwa anasema alikuwa anatazama juu, kama mtu anayepima dari.

Asije mtu akadhani nimekwama. Mchongo mpya ninao. Mlandizi kuna mzee ana basi dogo. Limesimama mwaka mmoja tu, kuku wake wanataga kwenye viti vya nyuma, lakini viti vyenyewe vinalala! Yuko tayari tubadilishane, gari kwa gari. Nimeshamwona Firdausi amelala fofofo kutoka Visiga hadi mlango wa shule. Latifu ataficha wapi uso? Kesho naenda. Spana nyingine nimeshaazima.

Kwa jumla mambo yote yanakwenda kama nilivyopanga. Isipokuwa moja, nalo nalitaja mara moja tu. Leo asubuhi nilisimama Kiluvya nikitafuta usafiri. Starlet ikapita taratibu, inavuka matuta. Mlango mweupe umefungwa vizuri. Latifu kashika usukani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kifuniko chekundu, na chapati juu.

Hicho ndicho kilichoharibika kweli. Mengine yote ni gia boksi.