Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu

Jamani, leo nimeaibika mpaka natamani kuhama mkoa. Naandika kwa simu ya dada yangu. Ya kwangu nimeizima.

Jumatano, kule Makambako ninapouza vipuri vya malori, mteja mmoja alinitumia linki ya programu ya kufanya betri isiishe haraka. Simu yenyewe ikanionya: "Programu hii inaweza kuwa hatari." Nikabonyeza sakinisha. Ikaomba namba zote za watu wangu. Ruhusu. Picha? Ruhusu. Meseji? Ruhusu! (Betri inataka meseji za nini? Swali hilo nimejiuliza leo.)

Leo asubuhi tukaenda Njombe kwa kina Tumaini kupeleka posa. Mimi, dada, na mshenga wetu Mzee Mgaya. Sebuleni tukawakuta baba na mama yake Tumaini, na mchungaji wao. Salamu za kwetu: "Kamwene!" "Kamwene!" Chai, viazi, jiko la mkaa miguuni. Mimi kazi yangu kunyamaza. Mzee Mgaya akaanza: "Kijana wetu ni mtulivu, hana mambo mengi..."

Simu ya baba ikalia. Ya mama ikalia. Ya mchungaji. Ya Tumaini, kule jikoni. Ya Mzee Mgaya mwenyewe!

Baba akavaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu, kama tangazo la msiba:

"Mpenzi, silali nikikuwaza. Bonyeza hapa uone picha nilizopiga kwa ajili yako tu."

Akanigeuzia simu.

"Imetoka kwako," akasema.

"Baba, ni kirusi!"

"Kirusi? Hiki ni Kiswahili. Nimekielewa chote."

"Hata mimi nimetumiwa," mchungaji akasema, macho kwenye kikombe.

Mama alikuwa ameshabonyeza (mama jamani!). Haikupita dakika tano, mwenyekiti wa kwaya akampigia kumuuliza tangu lini wamekuwa wapenzi.

Tumaini akatoka jikoni na simu mkononi.

"Kumbe mmetumiwa wote," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu. Nikafurahi."

Akarudi jikoni. Hapo ndipo nilipokufa.

Posa haijakataliwa, eti imeahirishwa. Tupo stendi ya Njombe na baridi hii, Mzee Mgaya amekaa benchi la mbali kama hanijui. Fundi wa simu hapa stendi anasema simu yangu ifutwe kila kitu. Afute tu.

Msicheke. Na wewe uliyeijibu ile meseji ya "mpenzi" kwa "hata mimi pia", nakuomba radhi, sikukusudia.