Unga wa Mwani na Shingo ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Mtaa mzima huu una watu wawili tu wenye akili: mimi, na mimi nikiwa nimelala. Shule yenyewe ilinishindwa nikiwa kidato cha pili, ikaniruhusu nirudi nyumbani. Leo nimethibitisha. Dereva wa lori la barafu kachukua baiskeli yangu isiyo na breki, mimi nimechukua kwake gunia zima la unga wa mwani. Mwani! Majani ya baharini, yamekaushwa, yamesagwa. Nani kampiga mwenzake? Atajua akifika kwenye mteremko.

Dereva anasema kuna watu wanaokula mwani maisha yao yote, na wakizeeka bado wanaruka kamba. Una madini ya chuma, damu inaongezeka. Una nyuzinyuzi, choo kinakuja chenyewe bila kubembelezwa. Una madini joto, yale yale yanayotiwa kwenye chumvi ili watu wasiote rovu shingoni.

Hapo kwenye rovu nikamwambia arudie. Maana Shangazi aliyenilea ana uvimbe shingoni, ukubwa wa ndimu, anauficha kwa kitambaa. Zamani daktari alimwambia umelala, uache ulale, ila aje auangaliwe kila mwaka. Mimi nitauamsha na kuufukuza.

Jioni nimemwonjesha. Kanusa tu. Kasema anamjua mbwa anayenuka hivyo akinyeshewa. Karudi kwenye shanga zake.

Alhamisi, 6 Machi

Lazima nieleze habari ya gauni, maana siku hizi nyumba yetu yote ni gauni. Mwenye kiwanda cha nguo, anakofanya kazi Shangazi, kampa gauni la harusi alitie shanga kwa mkono, hapa nyumbani. Shanga maelfu, ndogo kama mbegu za mchicha. Linakabidhiwa Jumamosi tarehe 29. Likipendeza, Shangazi anakuwa mwalimu wa mafundi wote pale kiwandani. Kiti hicho kakisubiri miaka kumi na moja. Kanikataza nisipite karibu na gauni nikiwa na chai, nikiwa na mafuta, wala nikiwa na mawazo.

Hana nafasi ya kupika, kwa hiyo jiko ni langu. Na jiko likiwa langu, dawa ni yangu. Vijiko viwili vya mezani kwenye uji wa asubuhi, viwili kwenye supu ya jioni, juu yake vitunguu saumu na pilipili manga za kuua harufu. Kala, kasema supu yangu siku hizi ina mwili. Moyoni nikamwambia, subiri.

Uvimbe ukiisha nitamtangazia siku anayopewa kiti, mbele ya watu wote. Atalia. Leso nitakuwa nayo mfukoni.

Mwenyewe nakula vijiko vitano kwa siku. Siwezi kuongoza watu kwa mdomo mtupu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetundika bango mlangoni, kwa rangi iliyobaki ya madirisha: MIWANI MPYA KUTOKA BAHARINI. WAZEE KWA WATOTO. KARIBU UONJE.

Saa nne bado na tayari nina foleni. Mama mmoja kaja na cheti cha macho. Babu mmoja kauliza kama zipo zenye fremu nyeusi. Nikashangaa, watu hawa wana nini leo? Mwalimu mstaafu akasimama, akalisoma bango mara mbili kwa sauti ya hakimu, akasema nimezidisha herufi moja, na kosa hilo hilo alinichapia darasa la nne. Nikamjibu kwa adabu kwamba hiyo i ni nyongeza, muuzaji mzuri lazima aongeze kidogo.

Mwingine angefuta. Mimi nikawaambia wote kwamba mwani unatia nuru machoni, miwani ya nini tena? Tisa wameonja. Wawili wamemeza.

Aliyenuna ni Fundi Miwani, yule wa ng'ambo ya barabara, anayesaga vioo na kuuza miwani halali. Kavuka na koti lake jeupe, kaniambia nimemwibia wateja kwa herufi moja. Nikamwambia kama duka lake linaangushwa na herufi moja, alilijenga vibaya. Akanitazama kwa juu ya miwani. Nikamuuliza kama anatazama kwa juu, vioo vyenyewe kavaa vya kazi gani? Hakucheka. Hana ucheshi huyu, ana nyusi tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nyuzinyuzi zimefika. Sitaki kuandika zaidi. Jirani tunayechangia naye choo kagonga mlango akauliza nimehamia humo lini. Tumbo linanguruma kama lori linalopanda mlima. Nadhani ni uchafu wa miaka mingi unaaga.

Lakini nguvu! Nimeosha dari. Nimepanga sufuria kwa ukubwa, nikazipangua, nikazipanga kwa umri. Moyo unakwenda mbio kama umechelewa mahali. Kukaa siwezi. Mstari huu nimeuandika nimesimama, na huu niko dirishani. Fundi Miwani ananitazama kutoka dukani kwake. Nimempungia mkono. Nimemaliza kupunga, mkono haujamaliza.

Jumatano, 19 Machi

Shangazi kaitikia dawa!

Yule aliyekuwa akishona kimya kama msikiti wa saa tano, sasa anashona na kuongea, anaongea na kusimama, anasimama na kufagia. Watu wamevaa masweta, yeye kafungua madirisha yote na kitambaa cha shingoni kakitupa kitandani, anasema joto. Anakula sahani mbili na bado sketi inamteleza kiunoni. Naamka nakuta keshafua mapazia. Mgongo mzima wa gauni kaumaliza kwa siku tatu!

Mwanafunzi wake wa kiwandani kaja kuleta uzi. Tunamwita Kasuku, maana neno la mwisho lazima liwe lake. Kauliza Shangazi anatumia kitu gani. Nimejibu, mapenzi ya familia. Kasuku kasema basi yapunguzwe, maana macho ya mwalimu wake yamemtoka. Wivu tu. Anajua akikosekana Shangazi, kiti ni chake.

Uvimbe nimeupima kwa jicho. Uko palepale. Labda umekua kidogo. Nadhani unafunga mizigo.

Nimeongeza kijiko.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi Miwani kaja na lenzi ya kukuzia. Eti ana haki ya kujua kinacholiwa mbele ya duka lake. Kaligeuza gunia langu, na kumbe huku chini lina maandishi, madogo kama miguu ya sisimizi. Kayasoma polepole, kwa raha zake. Kwamba mwani ni chakula kizuri ukiliwa kidogo. Kwamba huu ni wa kahawia, una madini joto mengi, usizidi robo ya kijiko cha chai kwa siku. Kwamba anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Kwamba mwenye tatizo la tezi asiutie mdomoni mpaka daktari aseme.

Kauliza nakula kiasi gani. Nikasema robo. Robo ya nini, hakuuliza.

Kauliza nani mwingine anakula humu ndani. Nikasema panya.

"Wewe hujui kusoma," kaniambia akiondoka. "Unajua kutazama herufi."

Baadaye nikakaa chini, dakika mbili nzima, rekodi ya wiki hii, nikalifikiria lile neno tezi. Nikacheka peke yangu. Tezi ni ugonjwa wa wazee wa kiume! Tezi dume, nani asiyeijua? Babu wa nyumba ya tatu si alipasuliwa juzijuzi? Shangazi ni mwanamke. Halafu alichonacho yeye ni rovu. Tezi na rovu hata herufi hazifanani. Mtu anasaga vioo miaka ishirini na hajui hilo!

Supu ya leo nimeipika kwa amani.

Bango nimelifuta ile i. Sasa linasomeka M WANI. Mama mmoja kauliza M ni nani.

Alhamisi, 27 Machi

Bakuli la shanga limeanguka mara tatu leo. Mara ya kwanza nimelaumu meza. Mara ya pili nimelaumu paka wa jirani, ambaye hakuwepo.

Ni mikono ya Shangazi. Inatetemeka. Sindano anailenga kitambaa, inatua kwenye kidole. Tone la damu limeingia kifuani pa gauni, doa dogo kama punje ya mtama, na yeye kalitazama kama vile limeandikwa jina lake. Nimelisugua kwa maji baridi na sabuni mpaka likafifia. Zimebaki shanga mia nne za kifuani na siku mbili tu.

Kaniomba nimtungie uzi. Nikashika sindano. Kumbe na mimi! Tumesimama dirishani, yeye kashika uzi, mimi nimeshika tundu, vyote viwili vinacheza, kila mmoja anamwambia mwenzake atulie. Tulicheka. Kisha yeye akaacha kucheka, akakaa juu ya kitanda, akaweka kiganja kifuani. Kasema moyo unampiga kama mtu anayegonga mlango.

Uji wa kesho nitaupika mtupu. Siyo kwamba naogopa. Nataka kulinganisha.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi Shangazi kashindwa kupanda ngazi tatu za mlango. Kasuku alikuwa kaja kuangalia gauni limefikia wapi, tukamshika huku na huku hadi zahanati.

Daktari kahesabu mapigo ya moyo, kahesabu tena. Kampapasa shingo. Kamwambia anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza. Kasema tezi ndiyo iliyochachamaa.

Nikaona nimsaidie. Nikamkumbusha kwamba Shangazi si mwanamume.

Nesi kageukia kabati. Daktari kavuta kiti, kanieleza taratibu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Kwamba tezi ni nyingi mwilini. Kwamba kuna moja shingoni, kila mtu anayo, mke kwa mume, na ndiyo inayopanga mwili uende haraka au taratibu. Chakula chake ni madini joto. Yakikosekana, inavimba. Yakizidi, hasa kwa mtu ambaye tayari ana uvimbe, inaweza kwenda mbio bila breki: moyo, joto, kukonda, kutetemeka. Kwamba rovu ni tezi hiyohiyo iliyovimba. Jina tu la mtaani.

Masikio yangu yaliwaka moto. Kasuku naye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na neno la mwisho.

Kisha daktari akamuuliza Shangazi maswali mengi. Mimi nilikuwa nasoma mabango ukutani. Kuna moja la kunawa mikono, zuri sana.

Kapimwa damu, kapewa vidonge vya kutuliza moyo, kaambiwa apumzike wiki kadhaa na asiguse sindano. Tuliporudi nyumbani, Kasuku akalikunja gauni ndani ya shuka safi, akaenda nalo. Shangazi ndiye aliyemwambia alichukue. Kamwonyesha na lile doa, ashone ua juu yake.

Jumapili, 30 Machi

Gauni limependeza. Wamelisifu mpaka dereva wa mwenye kiwanda kashuka garini kulitazama. Kiti kapewa Kasuku. Jioni kaja kumpa Shangazi habari, akalia yeye badala ya Shangazi, akasema kiti si chake. Shangazi kamtuliza. Kamwambia mikono yake yeye imeshazeeka, inatokea, hakuna wa kumlaumu. Akafungua kopo la bati lenye sindano zake za shanga, zile nyembamba ambazo mimi sijawahi kuruhusiwa hata kuzipulizia, akampa zote.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Dereva wa lori: hakunieleza kila kitu. Waandishi wa gunia: herufi gani zile, wanamwandikia nani, sisimizi? Waliotunga lugha: neno moja la tezi kwa vitu viwili vilivyo mbali hivyo mwilini! Mimi nimeingia tu katikati.

Na gunia bado limejaa zaidi ya nusu. Kula si salama, hilo nimekubali, mimi ni mtu wa kujifunza. Lakini kupaka? Nimekwisha kukoroga kopo la kwanza na mafuta ya nazi. Mwani wa kuotesha nywele! Fundi Miwani ana upara unaong'aa kuliko vioo vyake. Kesho nampelekea kama zawadi ya kupatana. Ndani kuna nini sitamwambia. Zikiota ndiyo nitamtangazia, mbele ya wateja wake.

Mikono yangu imeanza kutulia, mwandiko si unaonekana? Baiskeli nitapata nyingine. Bango nitaandika jingine. Vyote hivyo si kitu. Kitu kimoja tu ndicho kilichoharibika kweli, na nakiweka hapa kwa kuwa daftari halina mdomo.

Pale Ijumaa, nikisoma bango la kunawa mikono, daktari alimuuliza Shangazi kama mwezi huu kaanza dawa yoyote, unga wowote, chochote cha baharini. Kasema hata samaki hampendi. Daktari akasema chanzo kingejulikana, wangeweza kumwambia kama mikono itarudi, na lini. Akauliza nani anayempikia. Shangazi akanishika mkono, wake unatetemeka, wangu unatetemeka.

"Ni huyu mwanangu," akasema. "Mwezi huu bila yeye nisingekula kitu. Asante, baba."

Daktari akanitazama. Alinitazama muda mrefu, nafasi ya kusema ilikuwepo, tena kubwa.

Asante nikaipokea.