Maksai wa Bibi na Faili la Gigabaiti Sita

Jumatatu, 7 Septemba
Hali mbaya. Maksai wa bibi yangu Dorkasi, aliyepotea kijijini kwetu Misima, kaonekana Kwashemshi kwenye zizi la mtu anaitwa Mdoe. Mdoe anadai ni wake. Mtendaji kaamua: mwenye jina kwenye daftari la hereni za ng'ombe ndiye mwenye mali. Mwisho Ijumaa. Bibi kapiga simu, kanisomea namba ya hereni aliyopewa na Mtendaji, anasema maksai aliyebaki peke yake anazungusha jembe kama mlevi, na vuli hiyo inakuja.

Daftari ninalo! Bwana mifugo kaliacha kwenye flashi hapa dukani kwa Mzee Kalpesh, steshenari ya Korogwe ninakojitolea nikisubiri chuo. Faili moja la XML, kila ng'ombe kaandikwa kati ya alama ya kufungua na ya kufunga, gigabaiti sita. Kompyuta ina memori ya gigabaiti nne. Mwenzangu Frank kalifungua lote kwa mpigo, mashine ikaganda na kadi za harusi za watu. Mzee Kalpesh kasema asiliguse mtu.

Ningemwomba. Naona haya. Nitafanya kwa siri akienda kula.

Jumanne
Mpango bora. Misima hakuna anayejitwika ghala zima kutafuta punje moja. Unapepeta ungo mmoja, unamwaga, unachota mwingine. Programu yangu inasoma kipande, inakitupa, inasoma kinachofuata. Memori haikupanda hata kidogo. Dakika tisa, namba ya hereni ikapatikana.

Jina la mwenye ng'ombe: tupu.

Jumatano
Nimerudia mara tatu. Tupu. Nahisi daftari ni bovu. Mzee Kalpesh karudi mapema, nikazima skrini, nikamwambia nafuta vumbi. Akauliza kwa kitambaa gani. Nikasema kwa mkono. Nimefuta rafu zote za duka hadi jioni.

Alhamisi
Frank, mdomo umejaa muhogo, kaniambia kwenye kila rekodi jina linatangulia, namba inakuja mwisho. Yaani nikifika kwenye namba, Bibi nimeshamtupa. Akauliza siku zote hizi kwa nini sikumuuliza.

Sasa namshika ng'ombe mmoja mkononi mpaka alama yake ya kufunga, namkagua, ndipo namwachia. Dakika kumi. DORKASI, MISIMA. Nilitoka uani nikacheka na ukuta.

Nikaungama kwa Mzee Kalpesh. Kachapa karatasi bure, akasema, "Binti, ungesema tu. Mashine ningekupa tangu Jumatatu."

Ijumaa
Ushindi. Mdoe kaisoma karatasi mara tatu, kaigeuza nyuma, akasema, "Sawa, lakini huyu ng'ombe amenizoea." Bibi akamjibu hata kupe ng'ombe humzoea. Mtendaji akampa Bibi kamba. Nimeapa: kuanzia leo naomba ruhusa kwanza, kila kitu.

Jumapili
Misima. Bibi alisimama kwenye matangazo ya kanisa akasema mjukuu wake anaona ng'ombe ndani ya kompyuta. Nje wakanizunguka watu kumi na mmoja, kila mmoja na ng'ombe wake aliyepotea. Kukataa mbele za watu siwezi. Nikawaambia waje Korogwe kesho, saa ya chakula cha mchana, mmoja mmoja, mlango wa nyuma. Wakikutana na Mzee Kalpesh wampe shikamoo na waseme wanatafuta kalamu.