Wasomaji Kumi na Wawili Wasio Ndugu

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Lyamkena, Makambako.

Siku kubwa. Mteja kaja dukani kutoa kopi moja ya tangazo. Nikatoa mbili. Ya pili ni yangu.

Ni tuzo ya hadithi za sayansi na maajabu kwa waandishi wa Nyanda za Juu Kusini. Masharti nimeyapitia huku nimesimama. Mwandishi awe mkazi wa kanda kwa miezi kumi na miwili: mimi nina miaka thelathini na sita. Kitabu kiwe kimetoka mwaka jana: changu kilitoka Novemba, humu humu dukani, kwa mashine hii hii inayotafuna karatasi. Kurasa zisipungue sitini: *Siku Miti Ilipohama* ina sabini na nne, pamoja na shukrani. Kiwe na jambo lisilowezekana kwa sasa: mipaini ya Kifanya inajing'oa siku ya kuvunwa na kutembea hadi Makambako kudai haki zake. Mpaka leo haijawezekana.

Zawadi ni ngao, na mshindi atasoma kurasa mbili mbele ya watu, ukumbini Njombe. Ninaitaka sana ngao hiyo. Nimechoka kuitwa Elius wa fotokopi.

Nilipofika sharti la saba umeme ukakatika. Haliwezi kuwa baya.

Jumanne, 5 Agosti

Ni baya. Fomu isainiwe na wasomaji kumi na wawili wa kitabu, ambao si ndugu wa mwandishi kwa damu wala kwa ndoa.

Nimeorodhesha wote walionunua. Thelathini na mmoja. Ishirini na tisa ni ndugu. Wa thelathini ni Zita, anayeuza miche ya parachichi kwao Kifanya, na tarehe kumi na sita wazee wangu wanakwenda kwao kuniposea, kwa hiyo naye yumo njiani kuwa ndugu. Wa mwisho ni Faustine wa duka la dawa za mifugo hapo ng'ambo ya barabara, aliyenunua ili apate cha kunicheka.

Faustine naye anashindana. Kitabu chake kinaitwa *Viazi Kutoka Mwezini*. Alijaza saini kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana. Katoka Kigoma, hana hata binamu kati ya hapa na Dodoma. Watu wengine wana bahati ya kuwa wageni! Nimehesabu miezi tangu afungue duka, nikitumaini ni kumi na mmoja. Ni ishirini na sita.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: kuazimisha kitabu kwa watu nisiowajua. Tatizo ni kwamba hapa mtu hakai bila kujulikana zaidi ya maswali mawili.

Nilianza na mama muuza viazi. Akanisalimu kamwene, akaniita mnyalukolo, maana huku kila mtu ni wa ukoo mmoja mpaka ithibitike vingine. Akauliza mimi ni wa kwa nani. Nikasema kwa akina Mgaya. Wa wapi? Wa Igongolo. Akaweka kisu chini. Bibi yake aliolewa Igongolo. Kwa hesabu yake, mimi ni mjukuu wake. Nikaondoka na nusu debe ya viazi, bila saini.

Fundi pikipiki: mjomba. Karani wa mbao: shemeji, tena wa karibu, na amenilaumu kwa kutoonekana msibani mwaka juzi. Hadi saa kumi nilikuwa na ndugu watatu zaidi ya niliokuwa nao asubuhi, na mwaliko wa kipaimara.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Mpango wa pili ni wa akili. Abiria! Mabasi ya Songea na Mbeya yanasimama hapa watu wapate chakula. Abiria hana muda wa kuniuliza mimi ni wa kwa nani.

Nilipita meza kwa meza nikiwasomea ukurasa wa kwanza hadi wa tatu. Sharti halisemi wakisome chote. Saini saba kwa mabasi mawili. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo nikaificha fomu ndani ya kitabu. Mama mmoja wa Songea akaniomba kitabu aone kidogo ukurasa wa nne. Honi ikapigwa. Akapanda nacho.

Nilikimbiza basi hadi kituo cha mafuta. Faustine alikuwa mlangoni kwake. Aliniuliza kwa sauti kama nafukuza mipaini.

Jumapili, 10 Agosti

Kondakta kaurudisha mzigo wangu. Yule mama ametia saini ya nane. Pia ameandika pembeni kwamba Mzee Mpaini anakufa ukurasa wa arobaini na anahutubia ukurasa wa hamsini na mbili. Nitasema hayo ndiyo maajabu yenyewe.

Zimebaki nne. Na abiria wa leo wote walikuwa wamelala.

Mpango wa tatu: kama ndugu wamezidi, wapunguzwe. Nimechapa karatasi nzuri, yenye fremu: "Mimi niliyesaini hapa nathibitisha kuwa si ndugu wa Elius Mgaya kwa damu wala kwa ndoa." Baada ya ibada, binamu zangu watatu walisaini karatasi hiyo na fomu bila kusoma. Walidhani ni orodha ya sare za kwaya. Wa nne alikuwa baba mkubwa Anania. Yeye husoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi.

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaniambia nije Jumanne na fomu.

Jumanne, 12 Agosti

Wazee watano sebuleni kwa baba mkubwa. Chai ilikuwepo, mimi sikumiminiwa.

Baba mkubwa hakufoka. Angefoka ningepona. Alisema yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, na ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, lakini kama nimechunguza nikaona si ndugu, mwenye karatasi na mashine ni mimi. Kwa hiyo Jumamosi asiye ndugu hataenda Kifanya. Wenzake wakaitikia kwa kichwa.

Kisha akavaa miwani, akaivuta fomu, akasaini mstari wa kumi na mbili.

Fomu imejaa. Nilipaswa kufurahi. Nimelia kidogo nyuma ya mashine, nikamwambia mteja ni wino.

Jumatano, 13 Agosti

Si lazima mshenga awe ndugu. Nimemwomba Faustine. Alikubali haraka mno, akauliza kama anaweza kubeba nakala chache za kitabu chake.

Nikampigia Zita kumweleza. Akasema baba yake, Mzee Tarsis, hampi binti mtu asiye na watu. Siku nikimkosea, wamwite nani? Muuza dawa za kupe? Akasema wazee wangu wakija, mlango uko wazi. Nikija na Faustine, watatuuzia miche, na tutarudi.

Ninampenda Zita. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Ngao bila Zita nitaitundika wapi?

Alhamisi, 14 Agosti

Nilisimama mlangoni kwa baba mkubwa mpaka miguu ikafa ganzi. Niliomba radhi mara tatu. Aliniambia niyakate majina ya ndugu mbele yake. Nikayakata yote manne, kwa rula. Akanimiminia chai. Watakwenda.

Kabla ya kutoka dukani nilikuwa nimetoa kopi ya fomu. Hilo hakuuliza.

Ijumaa, 15 Agosti

Kopi imepelekwa Njombe kwa dereva ninayemwamini. Saini kumi na mbili, safi kabisa. Nina wazee, nina fomu, nina Zita. Sijawahi kuwa mjanja kiasi hiki.

Jumamosi, 16 Agosti. Kifanya.

Naandika nikiwa kitandani, kichwa chini ya blanketi.

Kila kitu kilianza vizuri. Baba mkubwa aliongea Kibena safi, akatoa jembe na blanketi vya posa, wakapokea. Zita akaulizwa kama anatufahamu. Akasema anatufahamu.

Wakaanza kujitambulisha. Baba mkubwa akasimama: Anania Mgaya, baba wa kijana. Mtu mmoja wa upande wa pili akainua kichwa. Akasema jina hilo kalisoma jana jioni. Huyo ni mjomba wa Zita, Mwalimu Clemens, wa Njombe. Ni mwenyekiti wa majaji.

Fomu ilikuwa kwenye mkoba wake. Aliisoma mbele ya watu wote, mstari wa kumi na mbili, si ndugu kwa damu wala kwa ndoa. Mzee Tarsis akageuka kumtazama baba mkubwa. Nikajua nimekwisha. Niliangalia mlango, ulikuwa mbali.

Baba mkubwa akasema ndiyo, ni saini yake. Alisaini kwa hasira, kwa sababu mtoto wake ni mjinga, na mtoto wa mwenzake akiwa mjinga yeye hakasiriki. Kisha Mzee Tarsis akacheka, akasema hapo ndipo ameamini kweli ni baba yake. Akaagiza chakula kiletwe.

Mwalimu Clemens alinikaribisha kwenye ukoo kwa mikono miwili. Akanieleza kwa upole kwamba fomu ni ya uongo, lakini hilo si kitu, maana kwa sharti la tisa mkwe wa jaji haruhusiwi kabisa. Akanikata kwa kalamu ya Zita.

Baba mkubwa hakuniuliza habari ya kopi. Aliniwekea kipande kikubwa cha nyama. Nimeona aibu, na nimekula.

Jumatatu, 18 Agosti. Lyamkena.

Nimechumbia! Duka zima limejaa ndugu wanaonipongeza na hakuna anayetoa kopi. Zita kapiga simu asubuhi, kaniita mjinga wake. Sijawahi kufurahi hivi.

Nimelisoma tena sharti la tisa kwa utulivu. Linasema mkwe. Na mimi ni mkwe kwa sababu ya jembe moja na blanketi moja. Mshindi anatangazwa tarehe ishirini na saba Septemba. Saini nne za abiria nazipata kwa siku moja.

Nimemwandikia Mzee Tarsis barua fupi, ya heshima, yenye fremu, nikimwomba anirudishie vitu hivyo kwa wiki sita tu. Nimeahidi kulifua blanketi.